Hatua ya Tisa

Jamaa zangu wa Kamembe, na ninyi wa ng'ambo ya daraja mnaokuja asubuhi na kurudi jioni, kaeni kidogo. Nataka kuwaambia habari ya nyumba moja ambayo wengi wenu mnaifahamu, jinsi ilivyoteleza kwa sababu ya alama moja ya kalamu ya kijani. Sikuja kumhukumu mtu. Nani kati yetu hajawahi kusema "nimeshamaliza" huku kazi imelala nusu? Lakini jambo hili likinyamaziwa litarudi, na safari ijayo huenda likabisha hodi kwako.

Depo ya Mukansanga, ghala la kuwekea mizigo ya watu, iko kando ya barabara inayoteremka mpakani, Rwanda huku na Kongo kule. Saa moja ya asubuhi, ungepita pale ungesikia harufu ya sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa, na mafuta ya mawese, na ungesikia vicheko. Wanawake wa Bukavu wanafika na mafurushi kichwani. Wale wa Giheke na Nyakarenzo wanashusha kabichi na nyanya. Mama Mukansanga mwenyewe, mjane mwenye miaka sabini na ushei, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Huyu anamsalimu kwa Kimashi, yule kwa Kinyarwanda, na wote anawatania kwa Kiswahili.

"Weye, Maman Antoinette! Unanenepa kila juma. Ni bwana anakupikiaka?"

"Bwana gani, Mama? Ni upepo wa ziwa!"

Hakukuwa na fujo pale, wala karatasi nyingi. Depo iliendeshwa kwa desturi moja tangu siku ya kwanza. Kila aliyeweka mzigo aliuwekea neno lake: neno moja tu, analolijua yeye na mwenye depo. Siku akishindwa kuja, mtoto akiugua au mpaka ukimchelewesha, alimtuma mtu na neno lile. Mtu akilisema, alipewa mzigo bila swali. Ndivyo Mama Mukansanga alivyofanya tangu aliporudi kutoka Kongo alikokulia, akiwa na sanduku moja la bati. Sanduku hilo ndilo mzigo namba moja wa depo. Lipo mpaka leo chini ya rafu, na neno lake hakupata kumwambia mtu.

Msidhani maneno hayo yalikuwa ya mchezo. Watu huchagua neno ambalo halitawatoka. Mwingine aliweka jina la shamba alilonyang'anywa. Maman Antoinette, mfanyabiashara wa vitenge, aliweka Larissa, jina la binti yake aliyemzika akiwa na miezi minne. Jina hilo hakulitaja sokoni wala kanisani. Alilijua Mama Mukansanga, na alilijua Papa Ciza.

Papa Ciza alikuwa mbeba mizigo kutoka Nguba, upande wa Bukavu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kamba begani na maneno machache mdomoni. Karibu wanawake wote walimtuma yeye. Kazi yake haikuwa mgongo tu. Mgongo wanao wengi. Kazi yake ilikuwa kubeba maneno ya watu bila kuyamwaga.

Sasa tumtazame Reine, maana habari hii ni yake hasa. Reine alikuwa mke wa Valens, mtoto wa pekee wa Mama Mukansanga. Alizaliwa Bukavu, akaolewa huku, akapewa kazi ya kaunta. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, kamusi ikiwa upande mmoja na daftari upande wa pili, akirudia ukurasa mmoja hata mara kumi. Depo ilipopanuka ikawa na vyumba vinne, na kutafuta gunia moja kukawa kazi ya nusu saa, yeye ndiye aliyeleta mashini ya kutafutia.

Ilikuwa programu huria, zile ambazo walioziandika wameziacha wazi ili kila mtu azisome, azitumie na azirekebishe bila kuomba ruhusa. Reine aliiweka kwenye kompyuta moja chini ya kaunta, ikawa seva ya depo. Akaifundisha kwamba fufu, bugali na unga wa mihogo ni kitu kimoja. Akaifundisha kwamba anayeandika "sambasa" anatafuta sambaza. Watu walishangaa. Mwanamke akiuliza kaunta, Reine aliandika maneno mawili, na mara hiyo likaja jibu: chumba cha pili, rafu ya chini, magunia matatu.

Siku ile ya kwanza Mama Mukansanga aliuliza swali moja tu.

"Na maneno ya batu? Nayo itaingia mu ile kitu?"

Reine alisita. Valens akamjibia, "Yataingia, Mama. Daftari lako linaliwa na panya."

"Panya hasomake," alisema mama.

Walicheka. Nami naomba mkumbuke kicheko hicho.

Miaka miwili ilipita salama. Kisha likaja tangazo kutoka kwa wale wanaoitunza programu: toleo la zamani halitatengenezwa tena, lina ufa unaojulikana, kila mwenye nalo apande kwenye toleo jipya. Reine alisoma maelezo yote kwa siku nne. Halafu akachukua karatasi, akaandika hatua tisa kwa mwandiko wake wa taratibu, akaibandika ukutani juu ya seva. Chukua nakala ya akiba. Jaribu kuirudisha hiyo nakala, usiamini tu kwamba ipo. Usiruke toleo, panda la katikati kwanza. Na kadhalika mpaka ya nane. Hatua ya tisa ilikuwa ndefu kuliko zote:

"Toleo jipya linakuja na kufuli lake. Liwashe. Kila mtu wa kaunta apewe nywila yake mwenyewe. Funga njia ya kuingilia kutoka nje. Kisha chukua simu isiyojulikana, ujaribu kuingia kama mgeni. Ukiingia, hujamaliza."

Kabla hajaanza, simu ilitoka kwao. Wazazi wake walikuwa wamehamia Butare, hii Butare ya wilaya yetu ya Rusizi, si ule mji mkubwa wenye jina hilo. Mama yake alikuwa ameanguka na kuvunja nyonga.

"Subiri nirudi," alimwambia Valens.

"Hatua tisa zimeandikwa pale. Miye si mtoto, Reine."

Na kweli hakuwa mtoto. Niwe mwadilifu kwake. Valens alifanya hatua nane, moja baada ya nyingine, na kila moja akaiwekea alama kwa kalamu yake ya kijani. Alikuwa na haki ya kujisifu. Lakini alipowasha lile kufuli, ukurasa wa kaunta ukakataliwa na mashini yenyewe. Kila alipoandika kitu, lilikuja jibu jekundu: huna ruhusa. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni.

"Papa Valens, tutalala hapa?"

"Mashini yako inaombwa kama mchumba!"

Valens alitoka jasho. Akafungua faili ya mipangilio, akautafuta mstari wa usalama, na mahali palipoandikwa "ndiyo" akaandika "hapana". Mashini ikafunguka kama mlango uliopigwa teke. Foleni ikasogea. Tena akaona raha, akafungua na njia ya nje, ili aweze kutazama mizigo kwa simu akiwa nyumbani. Akajisemea, kesho nitarudisha. Kesho ikawa na foleni yake.

Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba jioni ile, kabla ya kufunga depo, alichukua kalamu ya kijani na kuweka alama kwenye hatua ya tisa.

Reine alirudi baada ya majuma matatu. Akaiona karatasi, alama tisa zimesimama kwa mstari.

"Ulijaribu kama mgeni?"

"Nilijaribu."

Akafurahi. Hakujaribu mwenyewe. Baadaye, kila alipoeleza mambo haya, hakuiruka sehemu hiyo: "Na mimi niliamini alama."

Siku kumi hazikupita. Alhamisi moja alikuja mwanaume mwenye koti safi, mwenye adabu, akasimama mbele ya kaunta.

"Nimetumwa na Maman Antoinette. Vitenge vyake. Neno ni Larissa."

Reine alitazama, neno likawa sawa. Akambebesha furushi kwa mikono yake mwenyewe, hata akamsaidia kulifunga.

Saa nane mchana Antoinette alifika.

"Maman Reine, unipe bintu yangu."

"Vimeshachukuliwa, Maman. Yule uliyemtuma asubuhi."

"Nani? Miye sikutuma muntu."

"Alisema neno."

Antoinette alishika kaunta kwa mikono miwili. "Alisema neno gani?"

Reine hakutaka kulitaja. Aliliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akamwonyesha. Antoinette alilitazama jina la mtoto wake likiwa mkononi mwa mtu mwingine, akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Mwizi wa vitenge ningemuelewa," alisema polepole. "Lakini huyu alimutaja mwanangu. Kwa kinywa chake."

Kabla juma halijaisha, mizigo mingine miwili ilikwenda njia ile ile. Maneno yalikuwa sahihi, na watu hawajulikani. Na mnajua jinsi tulivyo. Tukipotelewa na kitu, hatutafuti kilipotokea. Tunamtafuta mtu asiye na wa kumtetea. Wanawake wote watatu walimtumaga nani? Papa Ciza. Nani aliyelijua jina la Larissa? Papa Ciza. Ikawa imekwisha.

Walimzunguka Jumamosi mlangoni pa depo.

"Papa Ciza, uliuza jina ya mwana wangu?" Antoinette alimuuliza.

"Maman, hapana."

"Basi nani? Ni weye tu unalijuaka!"

Ciza alivua kofia. "Ile jina niko nalibeba miaka sita. Nalibeba sawa yai. Ata kwa usingizi sikulisema. Kwa nini niliuze leo?"

"Njaa haina sababu!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Njaa niko nayo tangu zamani," alisema Ciza. "Ilinikuta muntu, na iliniacha muntu."

Hawakumsikia. Mama Mukansanga, kwa sauti nzito, aliamua kwamba Jumatatu asubuhi mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji chetu, ataitwa. Ciza akipatikana na kosa, atapelekwa polisi, na hakuna depo itakayompokea tena pande zote mbili za mto. Kwa mbeba mizigo huo ni mwisho. Mtu asiyeaminiwa neno hata mgongo wake hauna kazi.

Valens alikuwa amesimama kando ya kaunta. Reine aliona jinsi alivyoitazama ile karatasi ukutani, mara moja tu, kisha akatazama kwingine.

Jumapili baada ya misa, Reine alikwenda depo peke yake na ufunguo wa mama mkwe. Hakwenda kumtafuta wa kumlaumu. Alianza hatua ya kwanza, akakagua. Ya pili, akakagua. Alifika ya nane jua likiwa kichwani. Kisha akachukua simu yake, akaiondoa kwenye Wi-Fi ya depo, akaomba mtandao wa nje kama mtu yeyote aliyeko popote duniani. Akaandika anwani ya seva.

Haikumuuliza yeye ni nani. Ilifunguka. Majina, mizigo, rafu, na mbele ya kila mzigo, neno.

Aliona shamba lililonyang'anywa. Aliona Larissa. Akaifunika simu kwa kiganja kama mtu aliyefumania watu wakioga. Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga njia ya nje, pale pale. Kisha akafungua kumbukumbu za mashini. Siku tisa kabla ya wizi, kutoka mahali fulani nje, mtu aliuliza swali moja: nipe vyote. Na mashini, kwa utiifu wake, ikampa vyote. Akaitazama faili ya mipangilio. Mara ya mwisho kuguswa: Jumatano ile ya soko, saa nne na dakika kumi na mbili.

Alimkuta Valens nyumbani akimchania nywele binti yao. Alimngoja amalize, mtoto akatoka kwenda kucheza.

"Hatua ya tisa, Valens."

Mumewe aliweka chanuo mezani. Kisha akasema, "Nilitaka kurudisha."

"Najua."

"Batu walikuwa wengi. Ulikuwa mbali."

"Najua hayo pia."

"Basi funga kimya kimya. Weka kufuli leo, kesho hakuna atakayejua."

"Papa Ciza atajua."

Valens alisimama. "Ciza ni mbeba mizigo! Atapata kazi pengine. Depo ikianguka, tunaanguka sisi wote, na Mama anaanguka pamoja nasi. Unataka jina la nyumba hii litupwe barabarani kwa sababu ya mstari mmoja?"

"Mimi ndiye niliyempa mwizi furushi, Valens. Kwa mikono hii. Na uliniambia ulijaribu."

"Ukisema kesho mbele ya watu, usirudi katika nyumba hii."

Reine alikuwa mtu mpole. Wanaomjua husema hajawahi kupandisha sauti, na siku ile hakuipandisha.

"Nitasema," alijibu. "Na nitarudi, kwa sababu hii ni nyumba yangu pia. Asiyeweza kukaa na ukweli ndiye atafute pa kulala."

Jumatatu watu walijaa mpaka barabarani. Mkuu wa mudugudu alikuja na daftari. Papa Ciza alisimama katikati, kamba yake imekunjwa vizuri miguuni. Hakuwa amekimbia, ingawa daraja lilikuwa pale na angeweza kubaki ng'ambo yake.

Mama Mukansanga alipofungua kinywa, Reine alinyanyua mkono.

"Mabukwe," alimwambia mama mkwe wake, "kabla hujasema, niruhusu."

"Reine, kaa," alisema Valens.

"Sikai."

"Nimekuambia kaa chini!"

"Na mimi nimekuambia jana. Sikai."

Minong'ono ikapita. Mwanamke kumjibu mumewe hivyo mbele ya mama mkwe! Lakini Reine alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta. Akamwita Uwineza, mkulima wa Nyakarenzo aliyeleta kabichi zake asubuhi ile, mtu asiyehusika na lolote.

"Uwineza, una simu? Umewahi kuigusa mashini yetu?"

"Miye? Miye nagusaka kabichi tu!" Watu wakacheka kidogo.

"Unganisha na Wi-Fi ya depo, ile ambayo kila mteja anayo. Ya nje nimeshaifunga jana. Sasa andika hii anwani. Andika jina la Mama Mukansanga, peke yake. Usitazame kitakachokuja. Mpe mama simu."

Uwineza aliandika kwa kidole kimoja, akageuza uso, akanyoosha simu kama anayetoa sadaka. Mama Mukansanga alivaa miwani.

Alisoma mstari ule: mzigo namba moja, sanduku la bati, chini ya rafu. Na neno. Hakulitamka. Alilitazama muda mrefu kama mtu aliyekutana njiani na mtu aliyemzika.

"Hili neno," alisema mwishoni, "sikumwambia hata marehemu bwana yangu. Niliandika mwenyewe mu mashini, kwa vidole vyangu, Valens akiwa amegeuka ukutani." Akainua macho. "Papa Ciza, weye unalijua?"

"Hapana, Mama."

"Uwineza hakulijua. Na limekuja kwa simu yake."

"Ndivyo lilivyokuja kwa mwizi," alisema Reine. "Na ndivyo lilivyokuja la Maman Antoinette. Papa Ciza hakumwaga neno la mtu. Sisi ndio tuliomwaga maneno yenu. Tuliacha mlango wazi, kisha tukamsukumia kosa mtu aliyepita mbele yake."

Akaibandua karatasi ukutani, akampa mama mkwe. Bibi aliifuata kwa kidole, hatua moja baada ya nyingine, mpaka chini.

"Hii alama ni ya nani?"

Kila mtu aliijua ile kalamu ya kijani. Ilikuwa mfukoni mwa shati la Valens, kifuniko chake kimechomoza. Valens angeweza kusema lolote. Alitazama wanawake, akamtazama mkewe, akamtazama Ciza na ile kofia mkononi.

"Ni yangu, Mama," alisema. "Kazi sikuifanya. Alama niliiweka."

Nasikia wengine wakisema mama angemfukuza. Hakumfukuza. Alikivuta kigoda chake mpaka mbele ya kaunta, akakaa.

"Wazee wetu walisema, ukweli hupita motoni usiungue. Sasa ifanye. Hapa, mbele yao. Hakuna anayetoka mpaka mgeni akataliwe."

Basi wakaifanya. Kitu cha kwanza Reine alichodai ni maneno yote yatolewe katika mashini. "Kazi yake ni kutafuta mzigo," alisema. "Siri za watu inazitakia nini?" Kila mwanamke alikuja mmoja mmoja, akachagua neno jipya, akaliandika mwenyewe kwenye daftari la Mama Mukansanga, daftari lenye kasha na ufunguo shingoni mwa bibi. Halafu Reine akasoma hatua ya tisa kwa sauti, na Valens akaandika. Alipofika kwenye mstari ule, "hapana" ikafutwa, ikawa "ndiyo". Lile jibu jekundu likarudi, kama siku ya soko. Safari hii hakuna aliyelikimbia. Reine alionyesha ni wapi ukurasa wa kaunta unapaswa kutoa nywila yake, wakaiweka, ikakosea, wakairudia. Jua lilipanda. Wanawake walikaa juu ya magunia.

"Ata harusi ya Bukavu haichelewake hivi!" mmoja alitania.

"Acha ichelewe," alijibu Antoinette. "Ilipofanywa mbio tuliiona."

Adhuhuri Uwineza aliitwa tena. Akaandika anwani. Simu ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Inanikataa!" alipiga kelele kwa furaha, na vigelegele vikatoka mpaka barabarani, watu waliopita wakidhani kuna bibi harusi. Mkuu wa mudugudu akafunga daftari lake bila kuandika kitu.

Hapo ndipo Antoinette alipogeuka, mikono mbele, kumwomba Ciza msamaha. Lakini Ciza alikuwa ameshaokota kamba yake.

"Leo, bamama," alisema, "kila muntu abebe neno yake mwenyewe. Miye niko naenda."

Akashuka barabara kuelekea darajani, polepole, bila kugeuka. Hakuna aliyethubutu kumwita. Ndugu zangu, hiyo ilikuwa haki yake. Mtu akisafishwa mchana haina maana kwamba hakuchafuliwa asubuhi.

Siku sita hakuonekana. Valens alivuka mpaka mara mbili, akakaa mlangoni pake Nguba, akasema kosa lake mbele ya majirani wa Ciza. Ciza alimpa maji ya kunywa, hakumpa jibu. Wanawake walibeba mizigo yao wenyewe na viuno viliwauma. Siku ya saba alikwenda Antoinette. Hakuchukua zawadi. Aliingia uani, akainama kwenye sikio la yule mzee, akamwambia neno lake jipya. Ciza alifumba macho akilipokea.

"Ni nzito hii," alisema.

"Ndiyo sababu nakuletea weye."

Kesho yake kamba ilikuwa begani tena. Vitenge havikupatikana, wala mwizi mpaka leo. Wateja wengine waliondoka depo na hawakurudi. Karatasi yenye alama ya kijani bado ipo ukutani. Mama Mukansanga alikataa itupwe. Chini yake ipo mpya, na kila Jumatano, kabla ya soko kufunguliwa, Valens humwita mteja yeyote aliye karibu na kumwambia: "Jaribu kuingia." Na mashini inapomkataa, ndipo depo inapofunguliwa.

Na Reine? Jioni ile ya Jumatatu alirudi nyumbani kwake. Alikuta mlango haujafungwa, na Valens amempikia.

MAFUNZO

Jamaa zangu, ukipokea siri ya mtu, umepokea mtu mwenyewe. Iwe kwenye daftari, kichwani au kwenye mashini, ni ile ile. Usiihifadhi mahali ambapo haina kazi, na usiweke alama ya "tayari" juu ya kufuli ambalo hujalijaribu kwa mkono wa mgeni.

Kazi ya kulinda ikikuletea foleni, iache foleni ipige kelele. Watu wanaosubiri watakasirika hadi adhuhuri, lakini waliosalitiwa hawana saa ya kutulia.

Kitu kikipotea, tutazame kwanza mlango wetu kabla ya kumtazama maskini aliyepita barabarani. Na aliyekosea akiri mapema, kosa likiwa bado mstari mmoja.

La mwisho nawaambia hasa ninyi mnaoambiwa "kaa chini" kwa ajili ya jina la nyumba: msikae. Nyumba inayosimama juu ya mgongo wa mtu asiye na hatia haina jina la kulindwa. Simameni, semeni taratibu, kisha rudini nyumbani kwenu. Ni kwenu pia.